Mapenzi Chini ya Utawala Mbovu: Riwaya za Distopia na za Mahaba kwa Wasomaji wa Kitale na Bungoma

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuziweka riwaya za mahaba na riwaya za distopia katika makundi mawili yasiyokaribiana, za kwanza zikihesabiwa kuwa burudani ya vijana na za pili zikipewa heshima ya siasa na falsafa, ilhali msomaji aliyekulia Kitale au Bungoma, akizisoma moja baada ya nyingine kwa utulivu, hugundua kwamba zinalizunguka jambo lile lile. Distopia ni jamii ya kubuniwa ambamo utawala umeharibika kiasi cha kuyavamia maisha ya mtu mmoja mmoja, na mwandishi huikuza hali hiyo makusudi ili msomaji auone ugonjwa wa jamii yake mwenyewe. Riwaya ya mahaba nayo ni ile ambayo msuko wake, yaani mfuatano wa matukio na sababu zake, unategemea kama wapendanao wawili watafika pamoja au hawatafika. Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba riwaya bora za Afrika Mashariki ni zile zilizokataa kuyatenganisha mambo hayo, kwa sababu utawala mbovu haufahamiki vizuri mpaka uonekane umeingia chumbani, jikoni na katika mipango ya harusi, na mapenzi nayo hayaaminiki yakisimuliwa kana kwamba hakuna shamba, kabila, kodi wala askari.

Waasisi wa distopia katika fasihi ya Ulaya walilijua hilo. Yevgeny Zamyatin, Mrusi ambaye riwaya yake ya We ilichapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza huko New York mwaka 1924, alibuni dola ambamo raia wana nambari badala ya majina na faragha ya mwanamume na mwanamke hupatikana kwa kuponi ya serikali. Uasi wa mhusika wake mkuu huanza pale anapompenda mwanamke kwa namna ambayo kuponi haiwezi kuipima. George Orwell katika Nineteen Eighty-Four, iliyotoka mwaka 1949, aliwapa Winston na Julia chumba kidogo juu ya duka la vitu vikuukuu, na msomaji hauelewi kikamilifu ukatili wa dola ile hadi wawili hao wanapoteswa na kila mmoja kumsaliti mwenzake. Hata hivyo, Orwell aliyetangulia kuwafikia wasomaji wa Kiswahili ni yule wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967, ambamo nguruwe wanatawala na mapenzi hayana nafasi. Yawezekana kwamba mapokezi hayo yaliwafanya wasomaji wengi waichukulie distopia kama fumbo la kisiasa tu, lililokusudiwa kufumbuliwa darasani kwa kuonyesha nani anasimama badala ya nani.

Fasihi ya Kiswahili, kwa kweli, haikumsubiri Orwell. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi inayoelea angani ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa siku sita akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuiendeleza nchi, ambao wote waliporejea walitupwa gerezani. Wahakiki wengi wameisoma kama fumbo la utawala wa Waingereza katika Tanganyika, na usomaji huo una msingi. Kinachopungua, kwa mtu anayeisoma leo baada ya kusoma riwaya za mahaba, ni nyumba. Hoja za Karama zinasikika barazani, lugha yake ina adabu na uzito wa aina ambayo haijapata mrithi, lakini msomaji hapewi nafasi ya kukaa na Karama nyumbani kwake, kumwona anapenda nini na angepoteza nini endapo angehukumiwa kufa, na kwa hiyo hatari iliyo mbele yake huonekana kama hatari ya wazo zaidi ya hatari ya mtu. Tamko hili halikusudiwi kumpunguzia Shaaban Robert heshima, maana yeye ndiye aliyeifundisha nathari ya Kiswahili kusimama mbele ya mtawala na kumwambia makosa yake. Linaonyesha tu kazi waliyoachiwa waliokuja baadaye.

Riwaya za mahaba ziliwafikia wasomaji wa magharibi mwa Kenya kwa njia nyingine, nazo zilifika nyingi kuliko distopia. Vitabu vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 na kununuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971, vilizagaa nchini Kenya vikiwa vimeshasomwa na wengine, vikauzwa kama mitumba na kupitishwa mkono kwa mkono katika mabweni ya shule za wasichana hadi majalada yakachakaa. Vitabu hivyo vina ustadi ambao si haki kuudharau, kwa kuwa mwandishi anajua kuahidi na kutimiza ahadi, anajua kuchelewesha busu kwa kurasa mia na hamsini bila msomaji kukichoka kitabu, na hamdanganyi msomaji kuhusu mwisho. Udhaifu wake mkubwa kwa msomaji wa Bungoma ni kwamba kizuizi kinachowatenganisha wapendanao mara nyingi ni kutoelewana kudogo, barua iliyopotea au wivu usio na msingi, na mtu aliyelelewa Kimilili, Webuye au Kanduyi anajua kwamba vizuizi vya kwao ni vikubwa kuliko hivyo. Kijana wa Kibukusu anapomtaja mchumba mbele ya wazee huulizwa kwanza ukoo wa msichana, kisha ukoo wa mama yake msichana, kwa kuwa desturi hairuhusu ndoa ndani ya ukoo wa baba wala wa mama, na swali hilo linaweza kuyakatiza mapenzi ya miaka mitatu kwa dakika moja, bila mtu kukosa na bila mtu kuchukiwa. Likivukwa hilo, huja la ng'ombe wa mahari, nalo huwaingiza wajomba, kaka na mashangazi katika jambo ambalo riwaya ya London hulihesabu kuwa la watu wawili. Mwandishi wa mahaba angeyapata wapi mashaka makali kuliko haya, iwapo angeyaacha ya kuazima?

Hapa hapana budi kumtaja Chris Wanjala, mhakiki mzaliwa wa Bungoma aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na aliyefariki mwaka 2018, kwani katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa waliozishambulia vikali riwaya pendwa, yaani zile zinazoandikwa kwa ajili ya kununuliwa na kusomwa na umma mpana bila kutegemea shule wala wasomi. Walengwa wa mashambulizi hayo walikuwa waandishi kama Charles Mangua, ambaye Son of Woman yake ilitoka mwaka 1971, na David Maillu, aliyetoa After 4.30 mwaka 1974, na lawama kuu ilikuwa kwamba vitabu hivyo vinauza ngono na kushusha kiwango cha sanaa. Katika suala la ufundi, Wanjala alikuwa na haki katika mambo mengi, maana haraka ya uandishi inaonekana katika kurasa nyingi za vitabu hivyo. Lakini dharau iliyoambatana na uhakiki huo iliwafungia wasomi mlango wa kuuliza kwa nini katibu muhtasi wa Nairobi, au mwalimu wa shule ya msingi huko Chwele, alitoa pesa zake kidogo kumnunua Maillu. Jibu limo ndani ya kitabu chenyewe: After 4.30 inamwonyesha mwanamke ambaye mwajiri wake anaidhibiti riziki yake na pia anautaka mwili wake baada ya saa za kazi, na hiyo ni picha ya utawala, ingawa imevalishwa mavazi ya mahaba. Mhakiki anayemtambua dikteta katika riwaya ya kisiasa na kushindwa kumtambua ofisini saa kumi na nusu jioni anasoma nusu tu ya kitabu.

Pwani nayo ilitoa mifano yake kwa upole zaidi. Z. Burhani, katika Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa, aliyachunguza mapenzi yanayobanwa na mali na heshima ya jamaa. Adam Shafi, katika Vuta n'Kuvute ya mwaka 1999, alimchukua Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado mtoto kwa mwanamume wa makamo, akamtoa katika ndoa hiyo na kumfikisha kwa Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza Zanzibar, na kwa njia hiyo polisi wa kikoloni wakawa sehemu ya hadithi ya mapenzi bila mtu kuhisi kwamba wamelazimishwa kuingia. Riwaya hiyo, ambayo ilitengenezewa filamu mwaka 2021, inastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba mahaba na siasa haviwezi kukaa chini ya jalada moja.

Mwandishi anayewagusa wasomaji wa Kitale na Bungoma kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma mwaka 1965, akalelewa upande wa Cherangani katika Trans Nzoia, na kufariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Siku Njema, riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1996, inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, yaani mhusika mkuu ndiye anayehadithia mambo yake mwenyewe, na mhusika huyo, Kongowea Mswahili, ni kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake mwimbaji wa taarabu, ambaye anavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua na safari yake inamfikisha Kitale. Kwa msomaji wa Kitale hili lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwa wasomaji wa kwingine, kwa sababu riwaya ya Kiswahili ilikuwa imezoea kusafiri kutoka bara kwenda pwani, kama kwamba Kiswahili chenyewe kina makao kule tu, na Walibora akaigeuza njia: mtu wa Tanga, mwenye lugha ya Tanga, akaja kuutafuta ukoo wake katika nchi ya mahindi. Mapenzi ya Kongowea na Vumilia yamewekwa pembeni mwa safari hiyo kwa muda mrefu, na baadhi ya wahakiki wanaweza kuliona hilo kuwa udhaifu, lakini ucheleweshaji huo ndio unaoyapa uzito, kwa kuwa kijana asiye na baba, asiye na mali na asiye na jamaa wa kumsemea hana namna ya kuposa, na mapenzi yake yanalazimika kusubiri mpaka ajue yeye ni mtoto wa nani. Kinachoweza kulaumiwa kwa haki ni sadfa, yaani matukio yanayokutana kwa bahati nasibu mno, ambazo katika sehemu za mwisho zinafuatana kwa wingi kiasi cha kumfanya msomaji makini amwone mwandishi akizivuta kamba.

Kufa Kuzikana, iliyofuata mwaka 2003, ni kitabu kigumu zaidi na pengine ndicho kilichostahili sifa zaidi ya zilizokifikia. Akida na Tim ni marafiki wa makabila mawili ya kubuniwa katika nchi ya kubuniwa ya Kiwachema, na urafiki wao unajaribiwa pale uhasama wa kikabila unapogeuka kuwa mauaji na kuwafukuza watu makwao. Wasomaji walioirudia riwaya hiyo baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wameiita utabiri, lakini sifa hiyo inaficha ukweli ulio karibu zaidi, kwamba mapigano ya kikabila yaliyozuka kuanzia mwishoni mwa mwaka 1991 yaliikumba Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon, na tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi ilikuwa imeyachunguza na kukabidhi ripoti yake mwaka 1999. Aliyekulia Cherangani hakuhitaji kutabiri. Alihitaji kuibuni nchi yenye jina jingine ili ayaseme yaliyokwisha kutokea bila kila msomaji kuuliza kwanza mwandishi ni wa kabila gani, na hiyo ni moja ya kazi za kweli za distopia: kumpa msomaji nafasi ya kuhukumu tendo kabla hajajua kama aliyelitenda ni wa kwao. Uhusiano unaobeba mzigo katika kitabu hiki ni urafiki, nao unaonyeshwa kwa uaminifu na hofu ambazo riwaya nyingi za mahaba huwawekea mume na mke, na kwa sababu hiyo si vibaya kusema kwamba ndiyo hadithi ya mapenzi yenye nguvu kuliko zote alizoziandika Walibora.

Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012 inafahamika zaidi kwa kuwa ilisomwa na watahiniwa wa KCSE, na umaarufu huo umeiumiza kidogo, kwa maana wengi waliisoma wakitafuta dhamira, maudhui na mbinu za lugha za kuandika katika karatasi ya mtihani. Sokomoko, himaya ya Mtemi Nasaba Bora, ina kila alama ya distopia iliyovaa nguo za kawaida: ardhi iliyoporwa kwa hati za uongo, jela zisizouliza sababu, na hospitali ambayo wauguzi wake wanaweza kumwacha mtoto afe. Udhaifu wake umo katika majina, kwa sababu Nasaba Bora, Majisifu na Madhubuti wameshahukumiwa na majina yao kabla hawajatenda neno, na msomaji hunyimwa furaha ya kuwagundua. Hata hivyo, imo sehemu moja inayofidia mengi, nayo ni pale kichanga kinapoachwa kwenye kibanda cha Amani, kijana mchungaji, naye pamoja na Imani wakakichukua na kukilea, wawili wasiooana, wasio na mali, wakihangaikia maziwa na usingizi wa mtoto ambaye si wao, huku kijiji kikiwa tayari kuwasingizia. Mtoto huyo wanamwita Uhuru, naye anakufa kwa kunyimwa matibabu. Walimu wengi huishia kwenye ishara ya jina, yaani uhuru wa nchi uliotelekezwa na waliopaswa kuutunza, na ishara hiyo ni ya kweli, lakini nguvu ya sehemu hii inatoka katika malezi yenyewe, maana hapa Walibora ameyaandika mapenzi bila kutaja mapenzi, ameyaweka katika mikono inayobadilisha nepi na miguu inayokimbia hospitalini, na dola inapomuua mtoto yule msomaji anajua kilichouawa ni nini.

Assumpta K. Matei alilipeleka jambo hilo hilo ndani ya ndoa katika Chozi la Heri, riwaya ya mwaka 2014 ambayo nayo ilisomwa shuleni. Ridhaa, daktari aliyeishi kwa miaka mingi miongoni mwa watu wasio wa kabila lake, anaiona nyumba yake ikichomwa pamoja na jamaa zake baada ya uchaguzi, na jirani aliyemzoea ndiye anayehusika na uovu huo. Mhusika anayepaswa kuzungumziwa zaidi, ingawa hakupewa nafasi kubwa, ni Selume, muuguzi aliyelazimika kuiacha ndoa yake kwa sababu yeye na mumewe walitoka katika makabila ambayo uchaguzi ulikuwa umeyafanya kuwa maadui. Katika Trans Nzoia, ambako mashamba ya walowezi wa Kizungu yaliyogawanywa baada ya uhuru yaliwaleta pamoja Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot, Wakikuyu, Waturkana na wengine wengi, na ambako watoto wao wamesoma darasa moja na kuoana, Selume ni mtu anayejulikana. Kura imeingia kati ya mume na mke, na hakuna aliyemdanganya mwenzake wala kumpenda mwingine. Masikitiko ni kwamba Matei, akiwa na visa vingi vya kusimulia, anamwacha haraka, kwani riwaya nzima ingeweza kuandikwa juu ya mwezi mmoja wa ndoa hiyo, kuanzia siku ya kupiga kura hadi siku ya kufunga virago.

Yapo matukio ya kweli katika eneo hili ambayo mwandishi wa distopia asingehitaji kuyakuza. Kati ya mwaka 2006 na 2008, katika Mlima Elgon, kundi lenye silaha la Sabaot Land Defence Force, lililozuka kutokana na mgogoro wa ugawaji wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk, liliwatoza wanakijiji kodi, likaendesha mahakama zake, likawakata masikio waliokiuka amri zake na kuwaua mamia ya watu, idadi inayotajwa na watetezi wa haki za binadamu ikizidi 600. Jeshi lilipopelekwa mwezi Machi 2008 katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, wanaume na wavulana walikusanywa kwa maelfu, wakapelekwa katika kambi ya Kapkota na kupitishwa mbele ya watoa habari, na shirika la Human Rights Watch lilikusanya ushahidi wa mateso na wa watu waliochukuliwa wasionekane tena. Waliotoweka mikononi mwa kundi hilo na mikononi mwa askari, kwa makadirio ya shirika hilo katika ripoti yake ya mwaka 2011, walifikia watu wapatao 300.

Kila mmoja wa hao aliyekuwa na mke alimwachia hali ambayo haina jina rahisi. Hakuwa mjane, kwa kuwa hapakuwa na maiti, kaburi wala cheti cha kifo, na bila cheti cha kifo shamba haliwezi kurithishwa kisheria wala akaunti ya benki kufunguliwa. Hakuwa pia mke katika maana ya kawaida, kwa kuwa miaka ilipita bila hatua za mume kusikika mlangoni. Sheria ya ushahidi ya Kenya humchukulia mtu kuwa amefariki ikiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, kwa hiyo mwanamke wa Cheptais au Kopsiro ambaye mumewe alichukuliwa mwaka 2008 alipangiwa na sheria muda wa kungoja, na mtu mwingine aliyetaka kumposa katika muda huo aliposa mke wa nani? Swali hili ni la mahaba na ni la dola kwa wakati mmoja, na mwandishi anayelitaka hahitaji sayari ya mbali wala mashine za siku zijazo. Anahitaji kujua jinsi wakwe wanavyomtazama mwanamke anayeacha kungoja, nani anayelima shamba lisilo na mwenye hati, na watoto wanajibu nini wanapoulizwa shuleni jina la baba na kama yuko hai. Waandishi wa mahaba, ambao ndio mabingwa wa kusimulia kungoja, wanaiweza kazi hii kuliko waandishi wa mafumbo ya kisiasa, na ni jambo la kuhuzunisha kwamba wamefundishwa kuamini kuwa haiwahusu.

Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini na serikali mwaka 1986, alichagua sayari ya mbali katika Walenisi ya mwaka 1995, ambako Dzombo, aliyehukumiwa kufa kwa kurushwa angani, ananusurika na kufika katika jamii ya haki. Jamii ya namna hiyo huitwa utopia, kinyume cha distopia, na Mkangi anaitumia kama kioo cha kuiumbua nchi iliyomhukumu Dzombo. Kurasa za hukumu na za safari ni za kutisha kweli, lakini Dzombo akishafika, mapenzi anayoyapata huko hayana la kuyazuia, kwa maana mwandishi ameshaviondoa vizuizi vyote kwa kuiumba jamii kamilifu, na msomaji wa mahaba hupoteza hamu mahali pale pale ambapo msomaji wa siasa anapongeza.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025, alilitatua tatizo hilo vizuri zaidi katika Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka kwa Kikuyu mwaka 2004. Aburĩria, nchi ya dikteta anayetaka kujenga mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya dunia, ni distopia kamili, lakini mhimili wa kitabu ni Kamĩtĩ na Nyawĩra, wanaokutana kwa mara ya kwanza katika ofisi ambamo kijana huyo, mwenye shahada na bila ajira, anadhalilishwa na tajiri mbele ya msichana wa mapokezi. Baadaye, wakiwa wamejifanya ombaomba na polisi wakiwafukuza, wanakimbilia nyumbani kwa Nyawĩra, na Kamĩtĩ anatundika mlangoni onyo kwamba nyumba hiyo ni ya mchawi, askari wanaliona na kutimua mbio. Tukio hilo linachekesha, linatisha na linawaunganisha wapendanao kwa hila moja, na uchawi wa uongo uliobuniwa usiku ule ndio unaozaa hadithi yote iliyosalia. Mapenzi hapa hayakupachikwa juu ya siasa, yamekuwa chanzo cha matukio. Nyawĩra naye si zawadi ya shujaa. Ni mwanaharakati wa vuguvugu la siri, mwenye msimamo thabiti kuliko wa Kamĩtĩ, na mara kadhaa wawili hao wanatengana kwa sababu hawakubaliani juu ya namna ya kuipinga dola, ugomvi ambao ni wa kweli zaidi kuliko wivu wa riwaya mia za mitumba.

Msomaji wa Kitale au Bungoma ambaye angependa kuvipima vitabu hivi kwa mizani yake mwenyewe anaweza kuanza na Kufa Kuzikana, akafuatisha Vuta n'Kuvute, na kuiacha Kidagaa Kimemwozea mpaka kumbukumbu za mtihani zimfutike akilini, ndipo aisome upya kuanzia pale mtoto anapookotwa. Walimu wanaoongoza vyama vya Kiswahili katika shule za kaunti hizi mbili nao wangefanya jema kuwaruhusu wanafunzi walete darasani riwaya za mahaba wanazozificha chini ya madawati, wazisome kwa sauti, kisha waulizwe kuhusu kila jozi ya wapendanao: ni wa ukoo gani, shamba ni la nani, nani aliyewakataza kuoana, na mkatazaji huyo alipewa na nani mamlaka hayo.